Shetland na watoto na bibi yao: nendeni Julai, msingoje Agosti

Swali: Tunaishi Dundee, Uskoti, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 8 na 12. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Tumepanga kwenda visiwa vya Shetland kwa wiki moja katikati ya Agosti, tukawaone pafini, fisi-maji na nyangumi wauaji. Je, lazima tuwe na mwongozaji kama mbugani? Tuvae nini? Mume wangu anataka tulale kwenye hema, na mimi nawaza usalama wa watoto.

Jibu: Dada yangu, kabla ya kufika kwenye hema na makoti, nakuomba ubadilishe tarehe. Katikati ya Agosti pafini wameshaondoka. Ndege hawa huja nchi kavu kwa ajili ya kuzaa tu. Hufika Aprili, hutaga yai moja ndani ya shimo walilochimba kwenye udongo ulio juu ya magenge ya bahari, humlea kinda wao, na kuanzia mwisho wa Julai hadi siku za mwanzo za Agosti hurudi baharini, wasionekane tena hadi Aprili nyingine. Mtoto wa miaka 8 aliyeahidiwa pafini halafu akakuta majani matupu hatakusikiliza ukimweleza habari za majira.

Shule za Uskoti hufungwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo wiki mbili za kwanza za Julai mnazo. Zitumieni hizo. Wakati huo makinda yamo mashimoni na wazazi wanarudi kutoka baharini na samaki wadogo wembamba wamejipanga mdomoni. Mchana ni mrefu kupita kiasi, maua ya nyikani yamechanua, na safari za usiku za kisiwa cha Mousa, nitakazozieleza chini, bado zinaendelea. Agosti ina uzuri wake, lakini si kwa orodha mliyoniandikia.

Sasa suala la mwongozaji. Shetland hakuna geti la hifadhi, hakuna tiketi ya kuingilia, wala askari wa wanyamapori anayekuandama. Hakuna mnyama wa kukushambulia akakuua. Visiwa ni zaidi ya 100, vinavyokaliwa na watu ni kama 16, na wakazi wote ni takriban 23,000. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote, hata kwenye shamba la mtu, mradi aitumie haki hiyo kwa uwajibikaji: afunge lango alilolikuta limefungwa, asipite katikati ya kondoo wenye watoto, asiguse mazao, asiache taka. Kwa hiyo mwongozaji si sharti. Ila uhuru huo unahamishia mzigo kwenu. Mbugani dereva ndiye anayejua akae umbali gani na tembo. Huku wewe na mumeo ndio mtakaoamua mko umbali gani na kiota, na umbali gani na ukingo wa genge.

Tofauti nyingine na safari za Manyara au Mikumi ni kwamba Shetland kuzunguka kwa gari kumtafuta mnyama hakufai. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakikimbia kutoka ncha moja ya visiwa hadi nyingine, wakiona kila kitu kwa mbali na wasione chochote vizuri. Chagueni sehemu tatu au nne, na kila mnapofika mkae. Kaeni hasa, mketi chini saa nzima au mbili. Wanyama wa pwani wanaongozwa na maji kupwa na kujaa na upepo, na wewe ukitulia sehemu moja wao ndio watakaokujia. Mama yako, ambaye magoti hayamruhusu kutembea sana, huenda akaona mengi kuliko ninyi wenye miguu mizima.

Anzeni na Sumburgh Head, ncha ya kusini ya kisiwa kikuu, kama kilomita 40 kutoka mji wa Lerwick. Barabara ya kwenda huko inakatiza njia ya kurukia ndege ya uwanja wa Sumburgh, na ndege ikitua au kuruka magari husimamishwa. Watoto watalipenda hilo. Juu ya ncha kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1821 na mhandisi Robert Stevenson, na kuta za mawe zinazouzunguka ndizo zinazopafanya mahali hapa pawafae ninyi. Pafini wamechimba mashimo upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu kutoka pale mtu anaposimama. Mama anaweza kuegemea ukuta akamwangalia ndege usoni bila darubini, na mtoto anakuwa na kizuizi cha kweli kati yake na bahari. Maegesho makubwa yako chini na kuna mlima mfupi wa kupanda, lakini kwa asiyeweza kupanda kuna nafasi za kuegesha karibu zaidi na mnara.

Nendeni asubuhi mapema au jioni baada ya chakula. Mchana katikati pafini wengi wako baharini wakivua, na ndipo watu wengi hufika, wakapiga picha mbili na kuondoka wakisema ndege ni wachache. Jioni hurudi kwa makundi na kusimama mlangoni mwa mashimo yao. Chini yao, kwenye vishubaka vya jabali, mtaona gilimoti wamesimama bega kwa bega, wameegemea mwamba, na kila jozi ina yai au kinda bila kiota chochote. Fulma, anayefanana na shakwe, atawapita usawa wa macho bila kupiga bawa. Waonye watoto wasimsogelee akiwa kiotani: hutema mafuta yanayonuka vibaya, yakafika mbali zaidi ya mita moja, na harufu yake haitoki kwenye nguo.

Ukingo wa genge nauweka mbele ya hatari nyingine zote. Majani ya juu yanaweza kuonekana imara huku chini udongo umeliwa na mvua, upepo na mashimo ya ndege. Penye ukuta kaeni ndani ya ukuta. Pasipo na ukuta kaeni mbali na ukingo, na mkitaka kuchungulia laleni kifudifudi, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja. Upepo ukiwa mkali msiende kabisa magengeni; Shetland upepo unaweza kumsukuma mtu mzima hatua mbili. Mkipata dharura pwani pigeni 999 na muombe walinzi wa pwani. Simu haishiki kila mahali, kwa hiyo mwachieni mwenyeji wenu ujumbe mnakokwenda na saa ya kurudi.

Fisi-maji ndiye ninayempenda kuliko wote, nivumilie nikikaa kwake kidogo. Ni aina ileile ya fisi-maji wa mito ya Ulaya, lakini wa Shetland wamehamia pwani: huvua baharini, kwenye misitu ya mwani iliyo kando ya mawe, na huhitaji maji baridi ya kijito au kidimbwi karibu ili kuosha chumvi kwenye manyoya. Chumvi ikikauka, manyoya hayazuii baridi tena. Kwa sababu hiyo ukitaka kumpata tafuta mahali ambapo mkondo mdogo wa maji unaingia baharini penye mwani mwingi, pepo zimetulia na hakuna mawimbi. Na tofauti na ndugu zake wa mtoni wanaotoka usiku, huyu hutembea mchana.

Nendeni maji yakiwa yamepwa au yanaanza kujaa, kwa kuwa mwani unakuwa karibu na uso wa bahari na uvuvi wake unakuwa rahisi. Mama wa Tanga hahitaji kufundishwa kusoma maji; mpe jedwali la kupwa na kujaa la Lerwick awapangie siku. Mtakachoona kwanza ni mfuo wa maji wenye umbo la ncha ya mshale, kisha mkia ukipinda juu, kisha hakuna kitu. Amezama. Hukaa chini kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu dakika. Huo ndio muda wenu wa kusogea. Akiibuka, gandeni. Akizama tena, sogeeni hatua chache. Samaki mdogo atamla majini akielea chali. Samaki mkubwa atampandisha juu ya mawe, na hapo ndipo mtamwona vizuri.

Macho yake si makali sana kwa mbali, lakini pua yake ni ya ajabu. Upepo lazima utoke kwake uje kwenu. Msisimame juu ya mgongo wa kilima ambapo miili yenu itachorwa mbinguni. Keti chini, mawe yawe nyuma yako. Nguo zinazochakarisha ziacheni kwenye gari. Mkiona vilima vidogo vya majani ya kijani kibichi kuliko majani mengine, vyenye kinyesi cheusi chenye mifupa ya samaki, mko kwenye makazi yake, na pengine pango lake li karibu. Ondokeni hapo mkakae mbali kidogo. Sheria inakataza kumsumbua fisi-maji au kuvuruga pango lake, na mama mwenye watoto akishtushwa anaweza kuwahamisha.

Kwa ajili ya fisi-maji tu ndipo ninapowashauri mlipe mwongozaji wa siku moja, mwenyeji anayejua ghuba zake. Siku hiyo moja itawafundisha kuangalia, na siku zinazobaki mtajitafutia wenyewe. Hata mkiwa mnasubiri feri ya kisiwa cha Yell kwenye gati za Toft au Ulsta, msikae ndani ya gari na simu. Tazameni mawe ya gati.

Nyangumi wauaji siwezi kuwaahidi, na mtu yeyote akikuahidi usimlipe. Wanapita Shetland mwaka mzima na wanaonekana zaidi miezi ya kiangazi, wanaposogea karibu kabisa na nchi kavu kuwinda sili, wanyama wa bahari walao samaki. Mara nyingine hupita mita chache kutoka kwenye mawe, watu wakawaangalia wakiwa wamesimama nchi kavu. Wenyeji hupashana habari mitandaoni mara wanapoonekana, na dakika kumi baadaye barabara nyembamba imejaa magari. Msiingie kwenye mbio hizo. Mkisikia wako upande wenu wa kisiwa, kadirieni wanakoelekea, mtangulie mbele sana, mwegeshe mahali halali pasipoziba njia, na mngoje. Wasipofika, sili wenyewe wapo kila mahali, hata bandarini Lerwick, wamelala juu ya mawe. Sili akiinua kichwa na kuwakazia macho, mmefika mwisho, msimkaribie zaidi.

Siku mbili zipangieni Unst, kisiwa cha mwisho kaskazini chenye watu. Kutoka Lerwick unaendesha hadi Toft, unavuka kwa feri hadi Yell, unakikata kisiwa hicho hadi Gutcher, unavuka tena hadi Belmont. Jumla ni kama saa mbili na nusu, na nafasi ya gari kwenye feri iwekeni mapema. Jazeni mafuta kabla ya kuondoka, na vyakula pia.

Unst ndiko iliko hifadhi ya Hermaness. Njia ya kwenda na kurudi inachukua nusu siku ya mtu anayetembea bila haraka, sehemu ikiwa juu ya ubao uliotandazwa kwenye kinamasi. Mwisho wake mnasimama mbele ya magenge yaliyojaa maelfu ya ganeti weupe, na baharini, juu ya mwamba wa Muckle Flugga, mnara wa taa uliojengwa miaka ya 1850; ng'ambo yake kaskazini hakuna kisiwa kingine cha Uingereza isipokuwa jiwe moja tupu. Ganeti ana mabawa yanayokaribia mita mbili ncha kwa ncha, na anapoona samaki hukunja mabawa na kuingia majini kama mkuki uliotupwa kutoka juu. Mtoto wa miaka 12 atafika Hermaness vizuri. Wa miaka 8 inategemea hali ya hewa na tabia yake, mama hapana. Yeye na mmoja wenu wabaki ufuoni Norwick au waende jumba la makumbusho ya mashua pale Haroldswick. Mwanamke aliyekua akiona mitumbwi na majahazi atakuwa na la kusema mbele ya mashua za kale za huko.

Kwenye nyika ya Hermaness mtakutana na skua mkubwa, ambaye wenyeji wanamwita bonxie. Ni ndege wa kahawia, mzito, mwizi wa samaki wa wenzake, na mkikaribia kiota chake huwashukia kichwani kwa kasi. Inueni fimbo juu ya kichwa. Ataishambulia ncha ya juu kabisa na kuwaacha ninyi. Msipige. Bakini kwenye njia, na mtoto atembee katikati yenu.

Naomba watoto waelezwe pia kwa nini ndege huyu anastahili heshima. Uskoti ilikuwa na zaidi ya nusu ya skua wakubwa wote wa dunia, na homa ya mafua ya ndege iliyoingia mwaka 2021 na kuenea zaidi mwaka 2022 iliwaua kwa wingi wa kutisha. Katika maeneo ya Uingereza yaliyohesabiwa upya baada ya hapo, idadi yao ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 76. Ganeti nao walipungua kwa robo hivi. Mtu aliyewaona Hermaness kabla ya hapo na akarudi leo anaona pengo kwa macho. Mkikuta ndege aliyekufa au mgonjwa msimguse, mtoto asiokote manyoya, na viatu vioshwe mnapotoka sehemu moja kwenda nyingine. Ni jambo dogo, nalo liko ndani ya uwezo wa kila mgeni.

Njaa nayo imewasumbua ndege hawa. Pafini, buabua na wengineo wanalea makinda kwa samaki wadogo wale wembamba wanaojizika mchangani, na miaka ambayo samaki hao ni haba makinda hufa viotani. Mwezi Machi 2024 Uskoti ilifunga uvuvi wa samaki hao katika maji yake yote. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kufanywa kwa ajili ya ndege wa bahari katika nchi hii.

Mkiwa Unst pitieni pia Keen of Hamar, kilima cha mawe yaliyopasuka kinachoonekana kama hakijaota kitu. Inama. Kati ya mawe kuna ua dogo jeupe ambalo halioti popote pengine duniani. Aliyeligundua mwaka 1837 ni Thomas Edmondston, mtoto wa hapohapo Unst, aliyekuwa na umri unaolingana na wa mwanao mkubwa. Mwanzo wa Julai bado linachanua. Tembeeni taratibu, msilikanyage.

Mousa nimeiweka mwisho katika vivutio kwa sababu inahitaji uamuzi wa familia. Ni kisiwa kidogo kisicho na watu, upande wa mashariki wa kisiwa kikuu, na mashua hutoka Sandwick. Juu yake umesimama mnara wa mawe wenye kimo cha mita 13, uliojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita bila saruji. Ndani ya nyufa za kuta zake, na kwenye mawe ya ufuo, maelfu kwa maelfu ya petreli, ndege wadogo wa bahari, wametaga. Petreli huyu ana uzito wa kama gramu 25, mweusi mwenye kiuno cheupe, na miguu yake haiwezi kumtembeza nchi kavu vizuri. Mchana shakwe na skua wangemmaliza, kwa hiyo hurudi usiku tu. Kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai mashua huwapeleka watu baada ya saa nne na nusu usiku. Unasimama karibu na ukuta unasikia mawe yenyewe yakikoroma. Ni ndege walio ndani wakiwaita wenzao. Kisha wanaanza kuja kutoka baharini, wakizunguka mnara kwa kasi, karibu na uso wako, bila kukugusa. Taa kali na mwanga wa kamera haviruhusiwi.

Mwambie mama kwamba ndege hawa, majira ya baridi ya huku yakianza, hushuka hadi bahari za kusini mwa Afrika. Gramu 25 zinasafiri kila mwaka kutoka nyuzi 60 kaskazini hadi maji ya Namibia na Afrika Kusini na kurudi, na wengine wameishi zaidi ya miaka 30. Tena kuna rafiki ambaye bila shaka anamjua: sululu mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayetembea kwenye matope ya pwani ya Tanga maji yakipwa. Sululu wa aina hiyohiyo huzaa Shetland, na wengi wa wale wanaozaa Uingereza huzaa huko. Wa Shetland huelekea Afrika Magharibi na wa Tanga hutoka zaidi upande wa Urusi, lakini mluzi wao wa haraka ni mmoja, na mama anaweza kuutambua kabla yenu.

Safari ya Mousa ina matembezi ya usiku kutoka gatini hadi mnarani juu ya ardhi isiyo sawa, kwa mwanga hafifu. Kwa magoti ya mama naona ni shida. Mchukueni mtoto mkubwa, mdogo abaki na bibi yake amelala.

Nimesema mwanga hafifu kwa kuwa giza kamili hakuna. Mwanzo wa Julai jua linazama Lerwick kama saa nne na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na kati ya hapo mbingu inabaki na weupe. Hujauliza, lakini kama ninyi ni watu wa kuswali, tatizo la wakati wa isha mnalijua tayari kutoka Dundee. Huko linazidi kidogo, na magharibi inachelewa kama nusu saa. Ulizeni msikitini kwenu kabla ya kuondoka mfuate ratiba ipi, mama asije akahangaika. Bebeni pia vitambaa vyeusi vya kuziba madirisha, la sivyo watoto hawatalala.

Kuhusu mavazi, sahau neno kiangazi. Joto la mchana Julai ni kama nyuzi 14, na upepo unalishusha. Vaeni tabaka nyembamba kadhaa, na juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Kofia na glavu, ndiyo, Julai. Buti za mpira kwa watoto zinafaa kuliko viatu vya michezo, kwa maana udongo wa huko ni mweusi wa kinamasi, ule ambao wenyeji huukata na kuukausha wakaufanya kuni, na unameza mguu. Mama apate kofia inayofunika masikio na kiti cha kukunja cha kubebeka. Kiti hicho kitamfaa kuliko kitu kingine chochote mtakachomnunulia. Darubini ya kukuza mara 8 yenye kioo cha milimita 42 inatosha familia nzima, ingawa mbili zingepunguza ugomvi. Nyoka hakuna, ila kupe wapo, na wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, na kila jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mstari wa nywele.

Hema mumeo anaruhusiwa. Sheria ileile ya 2003 inahusu kupiga kambi kwa watu wachache, kwa hema nyepesi, siku mbili tatu mahali pamoja, mbali na nyumba na barabara, bila moto juu ya udongo ule unaoungua. Lakini Shetland haina miti ya kuzuia upepo, na usiku mmoja wa dhoruba utawaharibia siku mbili. Ningemshauri achukue usiku mmoja wa hema na watoto, wakati mvua haipo na upepo umelala, na siku nyingine mlale kwenye nyumba ya kupanga. Kuna pia nyumba za kale za mawe zinazoitwa böd, ambazo zamani walilala wavuvi na sasa hukodishwa kwa wasafiri. Ni rahisi, ni kavu, na watoto huzipenda.

Safari yenyewe ni ya usiku mmoja kwa meli kutoka Aberdeen. Ile ya moja kwa moja huondoka saa moja jioni, ile inayopitia Kirkwall, mji wa visiwa vya Orkney, huondoka saa kumi na moja, na zote hufika Lerwick saa moja na nusu asubuhi. Bahari inaweza kuchafuka, kwa hiyo mama anywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, asingoje aanze kuumwa. Viza yake ya Uingereza inamtosha. Shetland haidai kibali kingine.

Anza leo na chumba cha ndani ya meli chenye vitanda vinne, nafasi ya kulala ya mtu wa tano, pamoja na nafasi ya gari, maana Julai huisha miezi mingi kabla. Kikipatikana, fuatisha nyumba ya Lerwick au ya kusini kwa siku tano na ya Unst kwa siku mbili, kisha mashua ya Mousa. Mwongozaji wa fisi-maji mwombe siku ya pili au ya tatu baada ya kufika, ili mfaidi mafunzo yake wiki nzima. Chumba cha meli kikikosekana wiki ya kwanza ya Julai, jaribu ya pili. Ikifika Agosti, bora msubiri mwaka ujao.